Jicho la Kampuni

Kwenye kadi yake ya kazi, cheo cha Kuribayashi Tetsuo kilikuwa kirefu kama treni ya mizigo, lakini pale kampuni ya lenzi, mjini Suwa, Japani, watu walimwita Jicho. Aliingia akiwa na miaka kumi na tisa, akisugua vioo vya kamera, na fundi aliyemfunza alimpiga kofi kila alipopitwa na mkwaruzo. Alipofika thelathini, mashine ikisema kioo ni safi na yeye akisema kichafu, kioo kilirudi kusuguliwa. Kubishana na Jicho ilikuwa sawa na kubishana na mvua.

Kampuni ilipoacha kamera ikaanza kutengeneza miwani ya uhalisia pepe, ile mizito inayovaliwa kama barakoa ya mpiga mbizi na kukuonyesha dunia isiyokuwepo, kazi ya kupima akapewa yeye. Nani mwingine?

Miwani hiyo ina ugonjwa wake. Ukitazama kikombe kilicho mkononi, macho yako hufanya mambo mawili kwa mpigo: yanaelekeana kwa ndani, na lenzi iliyomo jichoni inajikaza. Ukitazama mlima, yanaachana na lenzi inalegea. Ndani ya miwani, picha zote zimebandikwa umbali mmoja. Kikombe kinasema niko karibu, kioo kinasema mwongo wewe, na katika ugomvi huo anayeumia ni tumbo. Kwa hiyo kampuni iliweka mota ndogo ya kusogeza lenzi kulingana na mahali macho yanapotazama, ili jicho lifanye kazi yake ya kuzaliwa. Kuribayashi alivaa, akatazama kikombe cha uongo, akabonyeza kitufe kikombe kilipoonekana wazi. Programu ilijifunza kutokana na kubonyeza kwake.

Mambo yalianza kuharibika alipotimiza miaka arobaini na sita, na yalianzia mezani kwake, kwenye chupa ya mchuzi wa soya.

"Baba Misaki," mkewe Sanae alimwambia, "hiyo chupa unaisoma au unaipiga picha? Isogeze mbali kidogo zaidi, jirani naye asome."

"Taa hafifu."

"Taa ni ileile tangu tuoane. Wewe ndiye uliyefifia."

Alicheka naye. Moyoni hakucheka. Alijua lenzi ya jicho hukakamaa na umri kama keki ya mchele iliyosahauliwa kabatini, na yake imeshakakamaa. Miwani ya kusomea haikuenea ndani ya ile miwani nyingine, na utaratibu ulitaka mpimaji mwenye macho matupu. Angesema, wasingemfukuza. Wangempa meza ya dirishani. Pale wanakuwekea kiti kizuri na chai ya moto, wala hawakupi kazi hata ya kubandika stempu, mpaka aibu ikuondoe yenyewe. Oguchi wa idara ya vioo alikaa hapo miaka mitatu akihesabu magari. Watu walimsalimia kwa adabu kubwa, ile tunayowapa maiti.

Kikombe cha karibu kikawa ukungu mtupu. Lakini masikio yalikuwa mazima. Mota ilinguruma kidogo, kisha ikasimama: tik. Siku moja alibonyeza kwa kusikia ile tik, na hakuna aliyeshtuka. Kesho yake akafanya vilevile. Ikapita miezi minane.

"Mwalimu, hukosei hata mara moja!" alisema Momose Ayaka, mhandisi wa programu, msichana wa miaka ishirini na minane aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama. "Mimi nikivaa nabonyezabonyeza kama bibi aliyeshikishwa rimoti."

"Mazoezi tu," alisema Kuribayashi.

Mazoezi gani? Programu ilikisia umbali, mota ikaenda hapo ikasimama, naye akabonyeza kwamba ni sawasawa. Programu ilikuwa inajisahihishia mtihani yenyewe, na Jicho la kampuni ndilo lililokuwa likiipigia makofi.

Siku ya majaribio waliletwa wanafunzi ishirini wa uuguzi, macho yao mabichi kabisa. Dakika ya sita wa kwanza akatapika. Dakika ya tisa Kitazawa Nao, mwenye miaka ishirini, alivua miwani akaelekea chooni, kichwa kikimzunguka, akakanyaga ngazi asiyoiona. Kifundo cha mguu kilivunjika sehemu mbili.

Kesho yake kiongozi wa kitengo, Yazawa, aliwasimamisha wote mistari miwili. Momose akatoka mbele, akainama mpaka mgongo ukalala kama meza.

"Kosa ni la programu yangu," alisema. "Naomba radhi."

Kuribayashi alikuwa mstari wa pili. Alifungua mdomo. Akaufunga. Momose aliendelea kuinama, na mdomo wa mwanamume mzima ukaendelea kufungwa.

Siku tatu hakulala vizuri. Ya nne akaenda kwa Yazawa, akafunga mlango, akasema yote: ukungu, mota, tik.

Yazawa alimwacha amalize.

"Ripoti ya kuidhinisha vipimo ina mihuri mingapi?" aliuliza.

"Mitano."

"Wako, wangu, na ya wakubwa watatu. Ukianguka wewe, tunaanguka wote. Msichana hana muhuri hata mmoja mle."

"Lakini bosi, hana kosa."

"Ni kijana, atapata kazi kwingine. Wewe na mimi tutapata wapi?" Akavuta karatasi akaisoma, ameishika mbali, mkono umenyooka kabisa. "Sijasikia kitu, Kuribayashi. Nenda kale."

Momose aliandika barua ya kuacha kazi. Siku ya mwisho Kuribayashi alimpeleka kula tambi, nazo zikapoa mbele yao.

"Mwalimu, naomba nikuulize kwa heshima," alisema Momose. "Mota ilikuwa inasikika?"

Kuribayashi aliweka chini vijiti vya kulia.

"Nilipitia takwimu mwezi wa pili. Kila mara ulibonyeza baada ya muda uleule tangu mota isimame. Kikombe, mlima, uso wa mtu, muda uleule. Jicho la mtu haliko hivyo."

"Mwezi wa pili? Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Kwamba Jicho halioni?" Alicheka kidogo, machozi yakiwa tayari. "Nilijiambia labda nakosea mimi. Kisha nikajiambia mwalimu atasema mwenyewe."

"Nilisema," alisema Kuribayashi. "Kwa Yazawa. Wiki iliyopita."



"Basi ni wiki iliyopita tu, baada ya mguu wa mtu kuvunjika," alisema Momose, akavaa koti.

Jumatatu ilitoka barua: Kuribayashi Tetsuo amepandishwa kuwa Mpimaji Mkuu wa kampuni, na miwani mpya inaanza kupimwa mwezi ujao. Sanae alipika wali mwekundu wa maharage, ule wa sherehe, akampigia simu hata Misaki aliyeko chuoni.

"Mpimaji Mkuu, kula wali kabla haujapoa," alisema. "Unautazama nini? Au nao huuoni?"

Kuribayashi akala. Alipomaliza akasukuma bakuli mbele, akaomba aongezewe.