Jina Langu Ubavuni mwa Birika la Ng'ombe

Niliporudi Singida kutoka Dar es Salaam, nilikuwa na vitu viwili ambavyo sikupewa na mtu: nyumba ya bati la rangi pale Utemini, na stashahada ya usimamizi wa miradi niliyoisomea jioni jioni, huku mchana nikipanga magunia ghalani hadi nikawa msimamizi wa ghala lenyewe. Stashahada nimeitundika sebuleni mkabala na mlango, ili hata anayeleta mayai aione.

Kitu kimoja sikuwa nacho. Sina mtoto, na wanaume wote wa upande wa baba wameshatangulia. Jina letu likipotea, litapotelea kwangu. Ndiyo maana niliamua kukijengea Kinyangiri, kijiji nilichozaliwa, kitu cha kudumu chenye jina hilo.

Nilitaka lango. Nililichora mwenyewe: nguzo mbili, upinde juu, jina katikati. Kwenye mkutano wa kijiji nililieleza kwa muda mrefu, nikitaja lengo kuu na malengo mahususi. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha shangazi yangu, mdogo wake marehemu baba, akasimama na kuuliza lango hilo litafunga nini, maana kijiji hakina ukuta. Mwenyekiti mwenyewe alificha uso nyuma ya daftari. Wakaomba birika la kunyweshea ng'ombe karibu na kisima cha pampu, kwa sababu mifugo ilikuwa inavuruga tope palepale wanapochota akina mama.

Nilikubali shingo upande, kwa sharti moja: jina langu liandikwe ubavuni kwa herufi kubwa kama kiganja, na chini yake neno "Stashahada".

Fundi wa kijijini alijenga kwa mchanga wa mtoni. Mimi niliona mchanga ule hauna hadhi ya kubeba jina langu. Nikaagiza mwingine mweupe, laini, kutoka ufukweni mwa ziwa la chumvi pale mjini, ukaletwa kwa lori kwa ajili ya kupiga lipu ubavu huo tu. Fundi aliugusa kwa ncha ya ulimi.

"Mzee, huu una chumvi."

Nikamweleza kwamba mambo ya ubora wa vifaa nimeyasomea darasani. Akapiga lipu, akaandika jina kama nilivyotaka.

Siku ya kuzindua nilivaa suti. Ng'ombe wa kwanza kufika hakuyagusa maji. Alinusa jina langu, akaanza kulilamba, taratibu, kutoka herufi ya kwanza. Wa pili akamsukuma ili naye apate nafasi. Nimechunga tangu nikiwa mdogo hadi namaliza darasa la saba. Najua ng'ombe anavyohangaikia chumvi wakati wa kiangazi. Nilikuwa najua hata kabla sijajua kusoma. Sijui stashahada iliyasukumia wapi maarifa hayo.

Kiangazi cha pili kilipoisha, zilikuwa zimebaki herufi tatu. "Stashahada" ndiyo iliyotangulia kufutika, kwa kuwa ilikuwa chini, kwenye kimo cha ndama. Birika lenyewe lilikuwa zima kabisa, na kisimani akina mama walikuwa wanachota wakiwa wamesimama pakavu.

Nilikwenda kwa shangazi, nikamwamkia, nikakaa. Kwa mara ya kwanza nilimwambia bila maneno ya mkutanoni kwamba nilikuwa natafuta mahali pa kuliacha jina la kaka yake, na sasa hapapo. Hakunicheka mara moja. Alinimiminia kikombe cha maziwa, akangoja ninywe.

"Hilo unalokunywa ndilo jina lenyewe, baba," akasema. "Ng'ombe wangu wamelilamba karibu lote. Watoto wote wa hapa wamelinywa. Sasa wewe ulitaka likae wapi tena?"

Hapo ndipo akacheka, na alicheka muda mrefu. Nilimaliza kikombe, nikaomba kingine.

Wiki iliyofuata nilimwita fundi apige upya lipu ya ubavu ule. Akauliza aandike nini safari hii. Nikamwambia asiandike kitu, ila atumie mchanga uleule wa ziwani. Akanionya kwamba wataulamba wote. Nikamwambia najua, nimechunga.