Ng'ombe wa Mama Hakuwa na Kupe

Kwenye matanga ya mama, mwezi uliopita, waliniomba niseme maneno machache. Nilisimama, nikawashukuru watu kwa kuja, nikakaa. Mimi si mtu wa maneno mbele ya watu, tena nilichotaka kusema kilihusu kupe. Nimeona afadhali nikiandike.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Wabeleji. Nilisoma Bukavu, kwenye shule ndogo iliyofundisha wasaidizi wa waganga wa mifugo. Nilikaa kwa tonton, mjomba wangu, mtaani Kadutu, na kila asubuhi niliteremka kilima na madaftari mawili. Masomo yangu ya nyuma yalikuwa machache na Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza. Somo la wadudu wa ngozi ndilo pekee nililolipenda, kwa sababu kupe nilimjua kabla ya kujua kitabu.

Mwisho wa mwaka wa kwanza mwalimu wetu, daktari Mbeleji aliyekaa Muhumba, mtaa wa wazungu, alimpa kila mwanafunzi chupa ndogo yenye alikoli. Tukusanye kupe wa ng'ombe mmoja, aina tatu au zaidi, na tuandike ni ng'ombe wa nani na kila kupe tumemtoa wapi mwilini. Mtihani ungekuwa Jumatatu. Atakayeshindwa asingepanda mwaka wa pili. Angerudi kwao kulima.

Sikuwa na wasiwasi. Kwetu Mudaka marehemu baba alikuwa ametuachia ng'ombe mmoja. Nikamtuma mama mmoja wa kijijini, aliyeleta ndizi sokoni Kadutu, amwambie mama kwamba Jumamosi ninakuja kumkagua ng'ombe kwa ajili ya shule. Hapo ndipo nilipokosea.

Jumamosi nilimkuta ng'ombe anang'aa. Nilitazama masikioni, kifuani, kwapani, chini ya mkia. Sikuona hata kupe mmoja. Mama alikuwa ameanza kumtoa kupe tangu Ijumaa alfajiri, akiwatupia kuku, na kuku wenyewe walikuwa wamelala kivulini, wameshiba.

Nilipomweleza kwamba nilitaka kupe, si ng'ombe safi, aliniangalia kama mtu aliyerudi na homa.

"Ulitaka niachilie muzungu yako ajue ng'ombe ya papa yako iko na kupe?"

"Maman, wote waliambiwa walete kupe."

"Hao wengine, mama zao hawana haya."

Kisha akaiona chupa mkononi mwangu, tupu, na karatasi yake isiyoandikwa. Nikamwambia kuhusu Jumatatu. Akanishika mkono na kuupeleka kwenye sikio la ng'ombe. Humu, alisema, walijaa wale wa kahawia, wadogo. Akaushusha mpaka kiwele: hapa walikuwa wale wakubwa wenye madoa kama kitenge, ukiwavuta vibaya wanaacha kidonda. Chini ya mkia, wenye miguu myekundu. Shingoni, wale wanaovimba kama maharagwe ya kijivu. Tulimzunguka ng'ombe mara tatu, yeye akisema, mimi nikirudia, mpaka ng'ombe akachoka na sisi akaanza kutupiga mkia.

Jumatatu rafiki yangu, mtu wa misitu ya Mwenga, si wa kabila letu la Washi wafuga ng'ombe, aliicheka chupa yangu mpaka akakaa chini. Kupe wake aliwapata machinjioni.

"Wewe Mushi, ng'ombe munalala naye nyumba moja, na unakosa kupe? Mimi mutu wa pori niko nao kumi na tano. Chukua watano. Kupe haulizwi anatoka kwa nani."

Sitadanganya: niliifungua chupa. Nikamtia wa kwanza. Halafu nikashika kalamu ili niandike ametoka kwa ng'ombe gani, na mkono ukakataa. Ningeandika ng'ombe wa mama, na ng'ombe wa mama hakuwa na kupe. Nikamrudishia kupe wake.

Mwalimu aliponiita nilimweleza yote, pamoja na kuku. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alimwaga chupa ya rafiki yangu kwenye sahani nyeupe, akaniamuru niwapange kupe wale mmoja mmoja na kusema kila aina hukaa wapi. Majina ya kitabuni nilikosa mawili. Mahali sikukosa hata pamoja, kwa maana nilikuwa bado nausikia mkono wa mama juu ya wangu. Aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema, kwa aliyewatoa.

Kwa chupa alinipa sifuri. Kwa maelezo alinipa alama za kutosha kupanda mwaka wa pili, si zaidi. Akaongeza sharti: wakati wa likizo nijaze chupa ileile, na mama aombwe asimguse ng'ombe kwa wiki moja.

Nilipompelekea mama habari alifurahi sana, mpaka nilipofika kwenye sharti.

"Wiki muzima? Yeye, muzungu yako, akae wiki muzima bila kuoga, kisha tutaongea."

Tulibishana siku mbili. Mwishowe aliniachia sikio moja, la kushoto, kwa sababu ng'ombe alipofungwa mlangoni sikio hilo lilielekea migomba, na wapita njia wasingeliona. Humo nilipata kupe tisa. Aina mbili tu, na mwalimu akawapokea.