Bisha Kwanza, Ndipo Uegemee

Siku moja haijanitoka akilini, mwanangu: siku yangu ya kwanza kupanda ndege, nilipobonyeza kitufe cha kiti na kujitupa nyuma bila kugeuka. Hilo ndilo kosa langu. Nalitaja mapema kwa sababu jana uliniambia kwenye simu, ukicheka, kwamba wiki ijayo ukisafiri kwa ndege kwenda kazini utakilaza kiti mpaka mwisho, "kwani si nimelipia?" Nilikata simu ili nisikutukane. Najua tumepishana miaka sita tu na sina mvi hata moja. Lakini kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, kwa hiyo nitakuita mwanangu na utanisikiliza.

Unaijua kazi yangu hapa Gatina, Kawangware: fremu za picha. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video na kuharibu mbao, na mpaka leo fremu ikipinda upana wa unywele sipati usingizi. Nikiitwa kutundika picha kwenye nyumba za mabati, kabla ya msumari nabisha ukuta na kupaza sauti, "Jirani, napiga msumari!" Bati moja lina watu wawili. Upande huu ni picha, upande ule sufuria zimening'inia, pengine na mtoto amelala. Fundi asiyebisha hadumu Kawangware. Akina mama watamfukuza mpaka Kabiro.

Sasa sikia. Mjomba wangu alipofariki, fremu ya picha yake ya mazishi niliitengeneza mimi, kwa siku tatu. Hata pembe za nyuma, ambazo hakuna angeziona, nilizipiga msasa mara nne. Jeneza lilitangulia nyumbani kwa barabara pamoja na watu. Mkewe, Mama Akinyi wa Kibera, alikuwa na goti lililovimba lisiloweza kustahimili safari ndefu ya basi, basi kamati ya mazishi ikamkatia tiketi ya ndege ya Kisumu. Mimi nikachaguliwa kumsindikiza, eti kwa kuwa ni mtu wa kujisomea mambo. Na kweli nilijisomea. Mkanda unafungwaje, masikio yakiziba ufanye nini, kitufe cha kiti kiko wapi. Nilijua kila kitu kuhusu kiti changu, isipokuwa kwamba kina upande wa nyuma.

Tulipata siti za nyuma kabisa, yeye ya mwisho dirishani, mimi mbele yake. Ndege ilipotulia angani, akaifungua picha kutoka kwenye leso aliyoifungia, akaisimamisha juu ya kimeza kinachokunjuliwa mgongoni mwa kiti changu, uso wa mjomba ukitazama dirisha. Kwetu marehemu anayerudi nyumbani huelezwa njia. Nikamsikia akinong'ona, "Baba Akinyi, hiyo chini ni Naivasha. Si ulikuwa unaipita kwa basi ukikoroma?"

Mbele yangu aliketi jamaa wa suti. Punde kiti chake kikaniangukia magotini kwa kishindo.

"Boss, samahani," nikasema, "rudisha kidogo. Umenibana magoti."

Hakugeuka hata shingo. "Kila mtu ako na magoti, buda. Si ubonyeze yako pia?"

Mwanangu, nikiikumbuka sauti ile mpaka leo damu inachemka. Ningeweza kumjibu. Ningeweza kumwita mhudumu, aliyekuwa hatua tatu kutoka nilipo. Lakini niliogopa kuonekana mshamba, mimi ninayeogopa kukosea kuliko ninavyoogopa njaa. Basi nikaichukua hasira yote aliyonipa, nikabonyeza kitufe, nikajitupa nyuma kwa mgongo wangu wote.

"Uwi! Otieno!"

Kabla ya sauti hiyo ya Mama Akinyi nilikuwa nimekwisha kusikia kioo kikivunjika. Mlio huo naujua hata nikiwa usingizini. Nilipogeuka, fremu ilikuwa imebanwa kati ya kiti changu na kifua chake. Kipande kimoja cha kioo kilikuwa kimemkwaruza mjomba kutoka jichoni hadi kidevuni. Picha kubwa ilikuwa hiyo moja tu, na kesho yake ndiyo ingesimama kando ya jeneza mbele ya ukoo mzima. Kazi ya siku tatu niliivunja kwa kidole kimoja.

"Ni huyu wa mbele," nikaanza kujitetea. "Yeye ndiye..."

"Huyo wa mbele alikugonga, wewe ukanigonga mimi," akasema polepole, mkono ukiwa juu ya goti. "Haya, mimi nimgonge nani? Nyuma yangu ni choo."

Mhudumu akaja kuokota vioo. Jamaa wa suti alikuwa amefumba macho, amestarehe. Mama Akinyi akangoja mhudumu aondoke.

"Otieno, ukitundika picha kwa watu, hubishi ukuta?"

"Nabisha, Mama."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu upande wa pili."

"Na hapa ulidhani kuna nini? Mawingu?"

Nikakirudisha kiti changu wima. Kesho yake picha ilisimama kando ya jeneza bila kioo, vumbi likiirukia. Kila aliyeuliza juu ya ule mkwaruzo, Mama Akinyi alimjibu, "Aliumia njiani." Hakunitaja. Afadhali angenitaja. Baadaye nilimwekea kioo kipya, lakini picha alikataa isafishwe wala kuchapishwa upya. Iko ukutani kwake Kibera, na kila nikienda kumsalimu naketi nikitazamana nayo.

Ndiyo maana ulipocheka jana nilikasirika, na bado nimekasirika. Umelipia kiti, sawa. Na aliye nyuma yako alilipia nini, magoti ya kubanwa? Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, kwa binadamu mchungu. Kitufe ni chako, lakini nafasi inayopungua si yako. Kwa hiyo kabla hujaegemea, geuka. Mtazame mtu usoni, umwambie unataka kurudi nyuma kidogo, kisha urudi taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Chakula kikija, kaa wima bila kuambiwa. Akiwa ni mzee, au mrefu, au amepakata mtoto, vumilia. Uchovu wa saa chache haujamuua mtu, na uungwana ni vitendo. Na wa mbele akikubana, malizana naye yeye, au mwite mhudumu. Usione haya kama mimi. Hasira uliyopewa mbele usiipeleke nyuma, maana huko mwisho kuna mtu ambaye nyuma yake ni choo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akufikishe na akupe kazi yenye heshima, na atakayeketi nyuma yako ashuke na magoti yake mazima na chochote alichobeba.

Mimi tangu siku ile nimepanda ndege mara tatu. Mara mbili niligeuka, nikaomba, nikakubaliwa. Mara ya tatu niliambiwa hapana, nikakaa wima mpaka tukatua.