Waya Uliokuwa Ukining'inia

Wifi yangu, mke wa kaka, hawezi kupita mbele ya waya unaoning'inia. Ataukunja, ataufunga, atautafutia mahali pake. Mwanzoni nilidhani ni maringo ya ufundi, baadaye nikaelewa ndivyo alivyoumbwa. Hufunga mitandao ya kompyuta maofisini, na hana mwajiri. Simu ikilia, kazi ipo: leo benki, kesho ghala la unga. Isipolia, nyumba nzima tunaitazama simu hiyo kama mgonjwa.

Kwa hiyo maabara moja ya vipimo, yenye matawi matatu, ilipompa ahadi, tulikaa roho juu. Meneja alimwambia, "Nitunzie mtandao mwezi mmoja. Usipozimika hata mara moja, nakupa mkataba wa mwaka." Wifi akatundika kalenda jikoni, akawa anatia alama kila jioni. Zikafika ishirini na sita.

Asubuhi ya siku ya ishirini na saba wakampigia: mtandao umelala. Mimi ni fundi cherehani na siku hiyo sikuwa na mteja, nikamsindikiza kumbebea ngazi.

Tulikuta foleni imefika mlangoni. Dada wa mapokezi alikuwa akiandika majina ya wagonjwa kwa mkono, na kalamu nayo imemgomea. Meneja alikuwa na simu sikioni, akiwafokea watu wa kampuni ya intaneti.

Wifi akafungua kabati lenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote. Taa zake zilikuwa zikipepesa kwa kasi, zote kwa pamoja. Akaufuata waya mmoja wa bluu kwa kidole, kutoka tundu moja, ukapita nyuma ya kabati, ukarudi kwenye kisanduku kilekile.

"Huu nimeuchomeka mimi," akaninong'oneza. "Jana jioni, wameshafunga ofisi, nami natoka. Ncha ilikuwa inaning'inia."

Ncha zote mbili za waya mmoja, kisanduku kimoja. Habari zikawa zinazunguka humo humo kama umbea, mpaka mtandao ukasongwa.

Akauchomoa. Taa zikatulia. Kule mapokezi mtu akasema, "Imerudi."

Meneja akaja, kiganja kimeziba simu. "Ni hawa wa intaneti, siyo? Nilijua tu."

Nitasema kweli: nilimkanyaga wifi mguu, anyamaze. Ajali haina kinga, na hakuna aliyemwona akiuchomeka. Zilibaki siku nne. Jibu lilikuwa limeshatafunwa, kazi yake kumeza tu.

"Hapana, bosi," akasema. "Waache hao. Ni mimi." Akamwonyesha ule waya, akamweleza kosa lilivyotokea, bila kulia wala kujitetea.

Meneja akawaaga watu wa simuni, safari hii kwa upole. Akautazama waya. "Nilisema mwezi mzima."

"Ulisema."

"Basi tuanze kuhesabu upya."

Njiani nilinuna. Ngazi ilinielemea kuliko tulipokuja.

"Ungenyamaza tu, wifi. Nani angejua?"

"Wangemtuma mtu wa intaneti, ahangaike kutwa akitafuta kosa lisilo lake," akasema. "Unajua ni siku ngapi nimezimaliza juu ya hiyo ngazi, natafuta kosa ambalo mtu mle ndani analijua na amekaa kimya?"

Nilimkasirikia na kumwonea fahari, vyote kwa mpigo.

Nyumbani tulimkuta kaka jikoni. Uso wa mkewe ulimweleza yote. Wifi akasimama mbele ya kalenda. Waya wa pasi ulikuwa unaning'inia pembeni mwa meza. Akaunyooshea mkono, kisha akaurudisha. Akachukua kalamu, na kwenye tarehe ya siku ile, mbele ya alama zake ishirini na sita, akaandika: moja.