Darizi Kwenye Joho la Mlinzi wa Taa

Mwanamume wa Biryogo, mtaa wa Kigali, aliyeoa bila kuvaa kanzu ya fundi Usumani, watu husema, ameoa nusu. Kwa miaka thelathini na nane mzee huyu amekata, ameshona na kutia darizi shingoni na kifuani, na hajawahi kurudishiwa nguo.

Miaka sita iliyopita aliingia Kaze, mfamasia aliyekulia ukimbizini Uganda, akamwonyesha picha kwenye simu. Alitaka joho jeusi kama la mlinzi wa taa wa katuni moja ya Kijapani. Usumani alishona, na tangu hapo wakaja wenzake. Walikuwa kumi na mmoja, watu wazima wenye kazi zao, waliokutana katika chumba cha nyuma mtaa jirani wa Rwezamenyo, wakavaa kama watu wa katuni, wakapigana picha, kisha wakavua kabla ya kutoka. Majirani walimtania mzee kwamba siku hizi anashonea majini.

Mwaka huu wakaamua kutoka mchana, Jumapili, wapite ile barabara ya Biryogo iliyofungiwa magari. Kaze alimwambia Usumani wazi kuwa wakichekwa siku hiyo, hawatakutana tena. Akaagiza joho jipya.

Mazoea yana taabu. Usumani alipofika shingoni, mkono ulijiendea wenyewe, na alipozinduka darizi ya kanzu, ya uzi wa rangi ya maziwa, ilikuwa imeshuka mpaka kifuani. Kufumua kungeacha matundu.

"Mzee, hii iko nini kwa kifua?" Kaze aliuliza asubuhi ya Jumapili ile.

"Kosa langu, binti yangu. Mkono umenishinda."

"Kwetu hata kifungo kikikosea wanakutoa. Rodney iko mukali sana."

"Basi twende wote. Nitamwambia ni mimi."

Aibu ilimtafuna Usumani njia nzima. Wenzake Kaze walikuwa wamesimama kwa mstari katikati ya barabara, na wanywa chai wa pande zote mbili waliwatazama. Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu. Rodney, kiongozi wao, alilikagua joho.

"Oya, Kaze. Huyu si mlinzi wa taa. Wewe utabaki pembeni."

Kabla Usumani hajafungua kinywa, Mukandekezi, muuza chai, alitoka na birika mkononi. Akainama, akaipapasa ile darizi.

"Si hii iko kazi ya Usumani?" alisema. "Nilimuzika mume wangu na watu wamevaa hii. Sasa huyu munamuvaa iko nani?"

Hakuna aliyewahi kuwauliza. Kaze akaeleza hadithi ya katuni ile. Mji ulishambuliwa, watu wote wakakimbia, akabaki mlinzi mmoja. Kila jioni aliwasha taa za nyumba zote, moja baada ya nyingine, ili wenyewe wakirudi, au watoto wao, wapajue kwao. Akazeeka akiwasha.

Mtu akazima redio. Wateja waliacha vikombe vyao wakasogea, kumi, kisha thelathini, kisha Usumani akashindwa kuhesabu. Yule mama aliyemvuta mwanawe alikuwa mbele, mtoto mabegani. Kaze aliporuka sehemu ya mvua katika hadithi, Rodney mwenyewe aliidakia, na hakuna aliyecheka.

Usumani aliingiwa na kicho ambacho hakukizoea nje ya msikiti. Aliwatazama jirani zake, waliorudi kutoka ukimbizini Uganda, kutoka Tanzania, na wale ambao hawakuondoka kamwe, wote wakimsikiliza binti aliyevaa nguo ya katuni kana kwamba anasoma barua iliyoandikiwa nyumba zao. Miaka sita alikuwa amempima Kaze mabega, na hakuwahi hata siku moja kumuuliza kwa nini alimpenda mlinzi huyu.

Alivua viatu vyake, akaketi chini kati ya watu.

"Na walirudi?" aliuliza.

Kaze alimgeukia.

"Mimi nilirudi, mzee," alisema.