Mpima Maji na Ndoo ya Ruti

Mama mpima maji hana haraka. Kabla ya kugusa maji ya mtu hunawa mpaka viwikoni, kisha hupima kwanza maji safi aliyokuja nayo, maana kifaa nacho huweza kuamka vibaya. Kijikaratasi chake kimepakwa grafini, weusi uleule wa penseli uliochambuliwa mpaka ukawa utando usioonekana kwa macho. Hukishika pembeni kwa vidole viwili, kama anayemtoa kifaranga kwenye ganda. Ukimhimiza, hujibu, “Subiri, kitasema chenyewe.”

Siku ile kijijini Mbangala kijikaratasi kilisema kuna zebaki kwenye ndoo ya Ruti, binti wa palepale. Wanaume wakashika mapanga, tayari kuwafuata wachenjuaji wanaosafisha dhahabu kwa zebaki kule bondeni. “Subirini,” mama alisema, akaenda kupima kisima. Hakuna kitu. Akarudia ndoo: ipo. Akaitazama mikono ya Ruti, myeupe kwa mkorogo wa kujichubua, vifundo tu vimebaki vyeusi. Ruti, aliyezoea kuzamisha mkono mzima akichota, akainamisha kichwa kungoja aibu yake.

“Kisima ni kizima,” mama akawatangazia watu. “Kasoro ni ya ndoo. Nendeni nyumbani.”

Walipotawanyika akachukua sabuni, akamnawisha Ruti kidole kwa kidole. “Zebaki imo kwenye mkorogo, mwanangu. Hilo kopo lake nipe mimi.” Kisha akamtuma akamletee maji ya kunywa ya kisimani kwa kikombe. Ruti akayaleta. Mama akayapokea kwa mikono miwili, akayanywa yote bila kuyapima.