Nyonga ya Pete

Nyonga yangu ya kwanza ya bandia ilichomoka msibani, upande wa Mtinko. Kwetu mtu haketi kitini wafiwa wakiwa chini mkekani. Daktari aliyeniwekea alikuwa amenikataza kukaa chini, na mwenye msiba mwenyewe aliniletea kiti. Nikakitazama kile kiti, nikawatazama wazee wenzangu, nikaona haya. Nikakunja mguu, nikashuka. Nilipotaka kuinuka, kitu kiligonga ndani ya paja kama mlango uliosukumwa na upepo, na watu wakaacha maiti wao wakaanza kunihangaikia mimi.

Hospitali waliirudisha, ikatoka tena nikivaa kiatu. Mwishowe nikapelekwa Dodoma kwa daktari wa mifupa, kijana wa umri wa binti yangu wa mwisho. Aliniamkia kwanza, ndipo akainua picha ya eksirei kwenye mwanga.

"Mzee, nyonga ni kichwa na kikombe. Kichwa kinashikwa na chuma kilichozama kwenye paja, kikombe kimepachikwa kwenye mfupa wa kiuno. Hiki chako kimeelekea nyuma kuliko inavyotakiwa. Ukikunja mguu sana, kichwa kinakosa ukuta wa kukizuia."

"Basi kigeuzeni."

"Tutakitoa, tuweke kingine kinachotazama mbele kidogo. Swali ni cha aina gani."

Akanieleza taratibu. Kuna kikombe cha wazi, chenye kichwa kikubwa, ambacho humwachia mtu kuinama vizuri, lakini kinahitaji misuli yenye nguvu. Na kuna chenye pete inayokifunga kichwa kisitoke. Hicho ni salama kwa misuli mibovu, ila mtu hainami tena.

"Unataka mguu huu ukufanyie nini zaidi? Wazee wengi huniambia sijida."

Nikamwambia sijida si shida yangu. Ruhusa ya kusali kitini nimewafundisha wengine miaka mingi. Ilipofika zamu yangu niliipokea bila kinyongo.

"Nataka kushuka kaburini."

"Kaburini, mzee?"

"La mke wangu."

Hakucheka. Akaketi.

Mke wangu alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imevimba, pumzi fupi. Kwao alizaliwa peke yake, na sisi Mungu alitujalia mabinti watupu, ambao wana wao bado ni wadogo. Asubuhi moja akichambua choroko kwenye ungo aliniambia, "Siku yangu ikifika usiniachie mikononi mwa watu. Unipokee wewe."

"Labda utanizika wewe."

"Na hicho chuma chako? Ardhi ya hapa mawe yametosha, usituongezee."

Tulicheka, lakini nilijua hatanii. Mwanamke hupokelewa kaburini na mume au wanaume wa karibu naye, na aliyebaki alikuwa mume wa binti yetu mkubwa. Dini inamruhusu kabisa. Mila yetu haimruhusu hata kumpa mama mkwe mkono. Alikuwa akimletea dawa, anaziweka kwenye kigoda nje ya mlango, anarudi nyuma, ndipo anabisha hodi. Naye mke wangu hujitanda khanga na kuitikia akiwa ndani. Kwa miaka yote ile sidhani kama walipata kutazamana usoni.

Daktari alisikiliza yote hayo. Akasema, "Nikifungua nikakuta misuli ina uhai, nitaweka cha wazi. Nikikuta imekufa, nitafunga pete. Unaniachia?"

"Nakuachia wewe, na juu yako Mungu."

Nilipozinduka alikuwa amesimama kando ya kitanda. Nilisoma jibu usoni mwake, lakini nikauliza.

"Pete, mzee. Misuli ilikuwa kama kamba iliyooza. Kile cha wazi kingetoka kabla hujafika Manyoni."

"Alhamdulillahi."

"Na usilazimishe kuinama. Kitang'oka na mfupa."

Nilishukuru, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Hata hivyo niligeuza uso ukutani, nikakaa hivyo hadi chakula kikapoa.

Nyumbani mke wangu aliniuliza jambo moja tu. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaendelea kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Alifariki kiangazi, alizeti zikiwa zimeshavunwa na upepo unapeperusha vumbi mashambani. Wachimbaji walipiga sururu kwenye changarawe tangu alfajiri. Kiti changu kiliwekwa ukingoni mwa kaburi, na safari hii nilikikalia. Kaburi letu lina mwanandani, uwazi mwembamba ubavuni chini kabisa, na anayepokea hana budi kujikunja hadi kifua kiguse magoti. Imamu akanitazama. Nikatazama mguu wangu.

Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma kabisa, mahali pake pa siku zote. Nikamwita.

"Baba, mimi ni mkwe," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua. Vua viatu."

Alishuka na wazee wawili wa msikitini. Alipompokea alikuwa amegeuzia uso pembeni, hamtazami hata akiwa ndani ya sanda. Nilimwelekeza kutoka juu: kichwa kwanza, polepole, bega la kulia chini, uso kibla. Kila neno nililifahamu. Nilikuwa nimeliweka tayari kwa ajili ya mikono yangu mwenyewe.

Walipomaliza kupanga mbao, watu walianza kutupia udongo wa mikono, mara tatu kila mmoja. Mimi sikuweza kuufikia. Mkwe wangu, vumbi limemjaa magotini, aliinama akachota, akaniletea viganja vyake vikiwa vimejaa, akasimama mbele ya kiti. Nilichota kutoka humo, nikamtupia mke wangu. Akainama tena. Akainama tena.